Sumu ya Wadudu na Mishipa ya Fahamu

Wakulima wengi hunyunyiza dawa katika kahawa na mboga, au huwaosha ng'ombe kwa dawa ya kupe, bila kujua dawa hiyo humwuaje mdudu. Yafaa kujua, maana jambo linalomwua mdudu ndilo hilo hilo linaloweza kumwua mtu aliyebeba bomba la dawa mgongoni. Somo hili ni la jamii moja tu ya dawa, ambazo wataalamu huziita oganofosfati. Katika jamii hiyo zimo malathioni, diazinoni, fenitrothioni, dimethoeti, na pia klofenvinfosi, iliyopata kutumika katika majosho mengi ya Kenya.

Kwanza tuutazame mwili ulio mzima. Mishipa ya fahamu haikugusana na nyama inazoziamuru. Katikati pana nafasi ndogo sana. Mwaka wa 1921 mtaalamu aitwaye Otto Loewi, katika mji wa Graz nchini Austria, aliweka mioyo miwili ya vyura katika maji ya chumvi, nayo ikaendelea kupiga. Aliusisimua mshipa wa moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha akayachukua yale maji yake akautilia moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna mshipa wake ulioguswa! Basi ikajulikana kwamba mshipa hutoa kitu ndani ya ile nafasi, kitu kinachopeleka habari kama tarishi. Tarishi huyo ni asetilikolini. Mwaka wa 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Tarishi akishafikisha habari, lazima aondolewe mara moja, ama sivyo nyama itaendelea kukaza bila kulegea. Kazi ya kumwondoa ni ya kimeng'enya. Vimeng'enya ni vitu vya mwilini vinavyoharakisha kazi, kama vile vile vya tumboni vinavyosaga chakula. Kimeng'enya hiki kina kishimo ambamo tarishi huingia na kukatwa vipande viwili, kisha vipande hutoka na kishimo huwa wazi tena. Kimeng'enya kimoja huweza kukata matarishi elfu kadha kwa sekunde moja.

Sasa inakuja sumu. Oganofosfati huingia katika kishimo kile kile, lakini sehemu yake yenye fosfori hushikamana na kimeng'enya na haitoki. Ni kama ufunguo uliokatikia ndani ya kufuli. Matarishi huongezeka, na nyama na matezi huamriwa bila kukoma. Kupe, kidomozi wa majani ya kahawa, ng'ombe na mtu, wote wana kimeng'enya cha namna hii. Malathioni haina ukali mwingi kwa mtu kwa sababu mwili wetu huivunja upesi kuliko mdudu awezavyo; lakini si dawa zote za jamii hii zenye huruma hiyo. Gerhard Schrader, mkemia wa Kijerumani, alikuwa akitafuta dawa ya wadudu mwaka wa 1936 alipotengeneza tabuni, ambayo ukali wake ulikuwa mwingi hata jeshi likaichukua kuwa silaha.

Kuna dawa nyingine ziitwazo kabamati, kama kabarili. Hizo nazo huziba kishimo kile, lakini huachia zenyewe, kwa kawaida katika muda wa saa kadha. Oganofosfati sivyo. Tena, ikikaa, hupoteza kipande chake kidogo, na baada ya hapo kimeng'enya hicho hakifunguki kwa dawa yo yote. Kwa oganofosfati nyingine hayo hutokea kwa saa chache; kwa nyingine huchukua siku moja au zaidi. Mwili hauna budi kutengeneza vimeng'enya vipya. Vile vilivyomo katika chembe nyekundu za damu hurudi polepole, pengine kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, kwa kuwa hungoja chembe mpya zizaliwe.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mtu hunyunyiza Jumatatu, hajisikii kitu. Hunyunyiza tena Alhamisi, na juma la pili, akisema kwamba amekwisha izoea dawa. Hakuizoea. Kila mara alipoteza vimeng'enya vichache kabla vile vya kwanza havijarudi, na siku moja kiasi kidogo tu humwangusha. Tena dawa hizi hupenya ngozi, na zaidi ngozi yenye jasho. Nyingine, kama klopirifosi, hazina nguvu kamili mpaka zigeuzwe na ini, kwa hiyo mtu aweza kurudi nyumbani akiwa mzima, akaugua jioni.

Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma, jasho na mate mengi, machozi, kutapika na kuhara. Mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Nyama hutetemeka, kisha hulegea. Kifua hujaa maji na pumzi hukata. Ng'ombe aliyeoshwa kwa dawa iliyozidi kipimo naye hutokwa na mate, hutetemeka na kuyumba.

Ukiona hivyo, mtoe mgonjwa penye dawa. Mvue nguo zote, viatu pia, umwoshe kwa sabuni na maji mengi, nawe usiiguse dawa hiyo kwa mikono mitupu. Usimtapishe, wala usimpe maziwa ukidhani yatakata sumu. Mpeleke hospitali upesi. Huko daktari atampa atropini, inayowazuia matarishi wasipokewe, lakini haikifungui kimeng'enya. Iko dawa nyingine, pralidoksimu, iwezayo kuing'oa sumu katika kishimo, lakini ni kabla haijapoteza kile kipande tulichokitaja.

Kwa sababu hiyo saa ni kitu kikubwa. Mwambie daktari mgonjwa alishika dawa saa ngapi, na umpelekee karatasi ya chupa, au uandike jina lililo juu yake, maana kabamati na oganofosfati hazitibiwi sawasawa. Na wewe mwenye shamba unayewaajiri wanyunyizaji, ujue kwamba hospitali kubwa zaweza kupima kimeng'enya hiki katika damu. Kipimo hufaa zaidi kikifanywa mara ya kwanza kabla ya majira ya kunyunyiza, ili pawe na hesabu ya kulinganisha. Mtu ambaye hesabu yake imeshuka sana apewe kazi ya palizi au ya kuvuna mahali pasiponyunyizwa karibuni, mpaka damu yake ipimwe tena.