SOMO: Kuchagua Injini ya Badala kwa Land Rover Kuukuu ya Chama

Land Rover za Series III zilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Kwa hiyo hata iliyo changa kabisa kati yao sasa ina umri wa miaka ipatayo 40. Hata hivyo gari la aina hii halifi upesi. Mabati yake mengi ni ya alumini, nayo hayaliwi na kutu kama bati la chuma; springi zake ni za majani, na fundi wa kijijini huweza kuzirekebisha; chesisi yake, ikitunzwa, huweza kuchomelewa na kuendelea na kazi. Mara nyingi sehemu inayochoka kwanza ni injini.

Basi hufika siku ambayo dereva huarifu kwamba gari halipandi tena mlima likiwa na mzigo, na fundi husema, "Injini imekufa, tafuteni nyingine." Msimu wa mazao u karibu, mbolea inangoja kuchukuliwa, na viongozi wanataka jambo limalizike haraka. Ni katika haraka hiyo ndipo fedha za wanachama hupotea. Somo hili linaeleza njia ambayo Bodi ya chama cha msingi inaweza kuifuata ili ifikie uamuzi unaoweza kutetewa mbele ya Mkutano Mkuu.

1. KWANZA, INJINI IPIMWE

Kukosa nguvu si ushahidi kwamba injini imekufa. Chujio la hewa lililojaa vumbi, kabureta chafu, klachi inayoteleza au breki inayoshika bila kukanyagwa huweza kulifanya gari zima lionekane limechoka. Fundi atakiwe kupima mgandamizo wa kila silinda kwa geji, na vipimo viandikwe.

Kwa injini ya petroli, silinda ikionyesha kipimo cha chini, fundi atie ndani yake kijiko cha oili kisha apime tena. Kipimo kikipanda, ringi au kuta za silinda zimelika. Kisipopanda, kasoro huwa kwenye valvu au gasketi ya hedi. Tofauti hii ni kubwa kwa mfuko wa chama, kwa sababu kutengeneza valvu au kubadili gasketi ni kazi ndogo sana ikilinganishwa na kununua injini. Moshi wa buluu huonyesha kwamba oili inaungua. Mapovu yanayotoka mfululizo kwenye rejeta wakati injini inanguruma huonyesha kwamba gesi inapenya kwenye gasketi au kwamba hedi imepasuka.

Pasipo taarifa hiyo ya vipimo, Bodi isijadili ununuzi wa injini.

2. NJIA NNE ZILIZOPO

(a) Kuifanyia oveholi injini ileile. Injini ya kawaida ya Series III ina silinda 4 na ujazo wa sentimita 2,286. Ile ya petroli ina nguvu za farasi zipatazo 70, na ile ya dizeli zipatazo 62. Ni injini sahili, ya chuma kizito, na taimingi yake huendeshwa kwa cheni. Silinda zilizolika huchongwa na kutiwa pistoni za saizi kubwa zaidi. Krenki husagwa na kutiwa beringi mpya. Faida ya njia hii ni kwamba hakuna kitu kingine katika gari kinachohitaji kubadilishwa. Udhaifu wake ni kwamba kazi itafaa kwa kadiri ya ustadi wa karakana inayochonga na ubora wa vipuri. Krenki iliyopasuka au bloku iliyokwisha kuchongwa hadi ukomo haziwezi kuokolewa.

(b) Kutia injini nyingine ya jamaa moja. Kuanzia mwaka 1980 injini hizi zilitengenezwa zikiwa na beringi kuu 5 za krenki badala ya 3, na hizo ni imara zaidi. Mwaka 1984 ilikuja dizeli ya sentimita 2,495 isiyo na tabo. Nguvu yake haikuzidi sana ile ya zamani, lakini hushikana na giaboksi ya Series bila taabu kubwa. Mnunuzi akumbuke kwamba taimingi ya dizeli hiyo huendeshwa kwa mkanda, si cheni, na mkanda hubadilishwa kwa wakati wake.

(c) Kutia dizeli yenye tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya silinda. Inayosifiwa zaidi kwa kazi hii ni 200Tdi, iliyoanza mwaka 1989 katika gari la Discovery na kufuatiwa na Defender mwaka 1990. Ina ujazo wa sentimita 2,495 na nguvu za farasi zipatazo 107 hadi 111. Kwa kuwa imetokana na ukoo wa injini za zamani, hufungika kwenye giaboksi ya Series bila kipande cha kuunganishia. Ile iliyotoka kwenye Defender hufungwa kwa urahisi zaidi. Ile ya Discovery tabo yake imekaa chini na hugombana na chesisi, hivyo hudai marekebisho. 300Tdi, iliyoifuata mwaka 1994, nayo hutumika, lakini vishikizo na mabomba yake hudai kazi zaidi.

(d) Kutia injini ya kampuni nyingine. Wengi huvutwa na injini ya Toyota 1HZ, dizeli ya silinda 6 na sentimita 4,164 iliyoanza mwaka 1990, kwa sababu mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanaijua. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini injini hiyo ni ndefu na nzito kuliko nafasi iliyotengwa. Hudai bamba la kuiunganisha na giaboksi, vishikizo vipya, springi ngumu zaidi za mbele, na mara nyingine kukata mabati. Kila kipande kilichobuniwa na fundi mmoja kina hatari yake: fundi huyo akihama, gari hubaki bila mtu wa kulielewa.

3. KAMBA HUKATIKIA PABOVU

Kosa la kawaida ni kuchagua injini kwa kutazama nguvu peke yake. Nguvu ikizidi pale mbele, mzigo huhamia nyuma: kwenye klachi, giaboksi, difu na shafti za magurudumu. Giaboksi ya Series iliundwa kwa injini ya farasi 70. Huweza kuvumilia 200Tdi ikiwa dereva ni mpole, lakini dereva anayekanyaga mafuta hadi mwisho akiwa matopeni ataivunja. Kabla ya kufunga injini yenye nguvu zaidi, sehemu hizo zote zikaguliwe, na gharama ya kuzitengeneza ihesabiwe pamoja na bei ya injini.

Breki ndizo za kuangaliwa zaidi. Series III ina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Gari litakalokwenda kasi zaidi lazima liweze kusimama. Zaidi ya hayo, gari lenye kisaidizi cha breki hutumia mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini ya petroli. Injini ya dizeli haitoi mvuto huo kwa namna ileile. Huhitaji pampu yake ya kuvuta hewa. Fundi akisahau kuiunganisha, dereva atakuta breki nzito kupita kiasi, na huenda akaligundua jambo hilo mteremkoni akiwa na mzigo wa wanachama.

Gari linalotoka petroli kwenda dizeli huhitaji pia betri yenye nguvu zaidi, chujio zuri la mafuta, bomba la kurudishia mafuta tangini, na tangi lenyewe lioshwe. Pampu na nozeli za dizeli huharibiwa upesi na maji na uchafu. Chama kinachohifadhi mafuta kwenye mapipa kifikirie jambo hili.

4. HESABU YA KILOMITA

Watu husema dizeli huokoa fedha. Huokoa kwa gari linalotembea. Kwa gari linaloshinda bandani haiokoi kitu. Chukulia mfano wa hesabu tu. Gari la petroli linatumia lita 20 kwa kilomita 100 katika barabara mbaya. Likiwa na dizeli yenye tabo litatumia lita 11. Tuseme pia kwamba bei za lita ya petroli na ya dizeli zinalingana, na kwamba gharama yote ya kubadili injini, pamoja na kazi ya fundi na vipuri, ni sawa na bei ya lita 3,240.

Chama A, kilomita 12,000 kwa mwaka:
Petroli lita 2,400. Dizeli lita 1,320. Akiba lita 1,080.
Gharama hurudi baada ya miaka 3.

Chama B, kilomita 4,000 kwa mwaka:
Petroli lita 800. Dizeli lita 440. Akiba lita 360.
Gharama hurudi baada ya miaka 9.

Injini ni ileile na bei ni ileile, lakini uamuzi haufanani. Chama A kina sababu ya kubadili. Chama B kingefaidika zaidi kwa oveholi ya injini yake, au hata kwa kuliuza gari na kukodi lori wakati wa msimu. Kwa hiyo kabla ya yote Bodi ifungue kitabu cha safari za gari na kujumlisha kilomita za miaka miwili iliyopita. Chama kisichotunza kitabu hicho hakina msingi wa kuamua, na kianze kukitunza leo.

5. KUNUNUA NA KUPOKEA

Bodi ikisha kuamua, mambo yafuatayo yasipuuzwe:

- Fedha ziwe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na bei zitafutwe kwa wauzaji wasiopungua watatu.
- Injini iliyokwisha kutumika isilipiwe kabla ya kusikilizwa ikinguruma, kutoka baridi hadi ipate moto, na kupimwa mgandamizo.
- Inunuliwe ikiwa kamili: pampu, starta, alteneta, tabo na mabomba yake. Vitu vidogo vinavyokosekana hugharimu sana vikitafutwa kimoja kimoja.
- Injini ya mkanda itiwe mkanda mpya kabla ya kuanza kazi, hata muuzaji akiapa kwamba uliopo ni mzima.
- Risiti ionyeshe namba ya injini. Namba hiyo huandikwa kwenye kadi ya gari. Mabadiliko yapelekwe kwa mamlaka ya usajili na kwa kampuni ya bima.
- Injini ya zamani ni mali ya chama. Isiachwe karakana kama zawadi ya fundi. Irudishwe, iandikwe katika daftari la mali, na ikiuzwa iuzwe kwa idhini na risiti.

Gari likisharudi, lijaribiwe kwa mzigo, na wajumbe wawili wawemo pamoja na dereva. Baada ya kilomita 1,000 bolti zote zikazwe upya na oili ibadilishwe.

Injini inayofaa ni ile ambayo gari linaweza kuibeba, fundi wa karibu anaweza kuitengeneza, na kazi ya chama inaweza kuilipia. Ikikosa moja kati ya hayo matatu, nguvu zake zote hazitawafaa wanachama.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Gari la chama chenu lilitembea kilomita ngapi mwaka uliopita? Kumbukumbu hizo zinatunzwa na nani?
2. Chama C hutembeza gari lake kilomita 9,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya sehemu ya 4, gharama ya kubadili injini itarudi baada ya miaka mingapi?
3. Ni injini ipi ambayo mafundi walio karibu nanyi wanaweza kuitengeneza bila kwenda mjini?
4. Kwa nini breki zikaguliwe kabla ya kufunga injini yenye nguvu zaidi?
5. Je, ingekuwa nafuu kwa chama chenu kukodi lori? Toeni hesabu.