Sufuria ya Maharagwe na Ploti ya Kwanza



Katika ziara zetu vijijini swali moja linarudi mara kwa mara, hasa kutoka kwa akina mama na vijana waliooa juzi: mtu ambaye hakurithi shamba anaweza kweli kununua mahali pa kujenga nyumba yake ya kwanza kwa pesa za mboga na vibarua? Tumeonelea somo la mara hii lijibu swali hilo. Sisi twasema anaweza, lakini kuna milango miwili ya kulinda. Wa kwanza ni jikoni, kwa sababu huko ndiko pesa hutoka kila siku bila kuonekana. Wa pili ni siku ya kulipa ploti. Tumewaona watu waliolinda mlango wa jikoni kwa miaka, wakajinyima, halafu wakapoteza yote kwa asubuhi moja kwenye ule mlango wa pili.

KULA BILA NYAMA, NA KUSHIBA

Jamaa wengine hawali nyama kwa sababu ya imani, kama baadhi ya ndugu zetu Wasabato. Sisi Wakatoliki huiacha Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima. Wengine wamekatazwa na daktari. Lakini wengi wameiacha kwa sababu mfuko hauruhusu, na hawa ndio huona haya mgeni akija. Hakuna haya hapo. Chakula bila nyama kinaweza kumjenga mtoto vizuri kabisa, mradi kipangwe. Kisichofaa ni ugali na sukuma wiki siku saba kwa juma, halafu tuseme tunaweka akiba. Hiyo akiba itaenda hospitali.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme familia ilikuwa ikinunua nusu kilo ya nyama mara tatu kwa wiki, na bei ni shilingi 600 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 900. Wakiweka maharagwe kilo moja na nusu mahali pake, kwa shilingi 150 kilo, watatumia 225. Tofauti ni 675. Tutoe 100 za ndimu, karanga na mayai, kwa maana lazima vitu hivyo viwepo. Zinabaki 575 kwa wiki, na kwa mwaka ni shilingi 29,900. Bei zetu ni za mfano tu. Chukueni karatasi muweke zile za soko lenu.

Sasa upishi wenyewe. Mahindi peke yake hayana protini kamili, na maharagwe vilevile yana upungufu wake, lakini upungufu wa moja hujazwa na lingine. Ndiyo sababu githeri ya nyanya zetu ilikuwa chakula cha akili. Ugali kwa ndengu, wali kwa kamande, chapati kwa kunde, vyote hufuata njia hiyo hiyo. Mtoto mdogo tumbo lake halibebi githeri nyingi kwa mara moja, basi apewe kidogo kidogo mara nyingi, na chakula chake kiongezwe karanga zilizopondwa au parachichi.

Mboga za kienyeji kama managu, terere, saga na majani ya kunde zina madini ya chuma, yaani yale yanayosaidia kutengeneza damu. Lakini chuma cha mboga ni kigumu kuingia mwilini. Kinasaidiwa na kitu kichachu kama ndimu, chungwa au nyanya katika mlo huo huo, na kinazuiwa na chai. Ile desturi ya kuteremsha chakula kwa kikombe cha chai tuiache, tunywe chai saa moja au mbili baadaye, hasa mama mjamzito. Kuna kitu ambacho mboga na nafaka hazina, nacho ni vitamini B12. Hupatikana kwenye maziwa, mayai, samaki na nyama. Anayekunywa maziwa na kula mayai ya kutosha hana shida. Asiyegusa hata hivyo aulize zahanati apewe vidonge, kwa sababu upungufu wake huja polepole na huharibu neva.

Kuni na makaa ni pesa pia. Loweka maharagwe usiku kucha, umwage yale maji, uchemshe kwa maji mengine. Ukiwa na kikapu cha joto, kile kilichojazwa vitambaa au majani makavu ambamo sufuria hufunikwa na kuendelea kuiva bila moto, utaokoa makaa mengi. Lakini uangalifu hapa: maharagwe mekundu yana sumu ambayo huuawa na mchemko mkali. Yachemke kwa nguvu dakika kumi au zaidi kabla ya kuingia kikapuni, kwa maana kikapu peke yake hakifiki joto hilo. Yakitoka, yachemshwe tena kabla ya kula.

Na kwa kuwa nyumba isiyokula nyama hutegemea nafaka, ghala lake ni jambo la uhai. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Kabla ya kuweka mahindi guniani, tia kiasi kidogo kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise vizuri. Chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Yaliyooza yasipewe kuku wala ng'ombe.

Tunaongeza neno kwa akina baba, nalo halitapendeza wote. Hatuwezi kusema nyumba imeacha nyama ili kununua ploti, ikiwa watoto wanakula ndengu na baba anapitia kwa choma sokoni Jumamosi. Ile 29,900 haitaonekana. Na ile 575 isikae kwenye kikombe kabatini ikingoja mwisho wa mwezi. Itoke nyumbani siku ile ile ya soko, iingie kwenye sako au kwenye sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, iandikwe kitabuni.

KUIANGALIA PLOTI KWA JICHO LA MPISHI

Wanaume wakienda kuona ploti huuliza barabara iko umbali gani. Ni swali zuri, lakini mama atakayepika hapo aende naye aulize yake. Maji ya kiangazi yanatoka wapi, na ni mwendo gani ukiwa na mtungi wa lita 20? Udongo utakubali mboga, au ni mwamba? Ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua hukubali mboga lakini hupasua nyumba, na msingi wake ni ghali. Ni kheri kuiona ploti mara mbili, kiangazini na mvua inaponyesha. Nafasi ibaki ya jiko lenye dirisha na njia ya moshi, na magunia machache ya kupandia sukuma wiki na terere. Familia inayokula mboga kila siku ikinunua ploti isiyo na maji, itarudi kununua mboga sokoni, na ile hesabu ya juu itavunjika.

SIKU YA KULIPA

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo machozi yalipo.

Mama mmoja tunayemfahamu aliweka akiba miaka minne. Akaonyeshwa robo ekari nzuri, na muuzaji akamletea hati. Hati ile ilikuwa ya kweli, wala haikughushiwa. Lakini jina lililoandikwa lilikuwa la baba yake muuzaji, na mzee huyo alikuwa amekufa. Mama akaambiwa, "Sisi ndio wana, shamba ni letu, utabadilishiwa jina baadaye." Akalipa mkononi, mbele ya wazee wawili, akajenga chumba kimoja. Kaka za muuzaji waliporudi kutoka mjini wakasema hawakuuza kitu. Mama yule yuko na karatasi ya makubaliano mpaka leo, na chumba amekihama.

Wazee hawakuwa wabaya, na huenda hata yule kijana hakukusudia wizi. Lakini sheria ya urithi haimruhusu mtu kuuza ardhi ya marehemu kabla ya mahakama kumpa usimamizi wa mali na kuthibitisha nani arithi nini. Kwa hiyo jina kwenye hati likiwa la marehemu, muuzaji apeleke kwanza mambo ya urithi mahakamani, nawe pesa zako zikae sako. Akisema atapata mnunuzi mwingine, mwacheni ampate.

Hati ikiwa na jina la aliye hai, bado usitoe diposi. Mwombe nakala, uende mwenyewe kwenye ofisi ya msajili wa ardhi ya eneo lile ukafanye kile watu wanakiita "sachi". Beba kitambulisho na namba yako ya ushuru. Sehemu zilizokwisha kuingizwa kwenye mtambo wa serikali wa Ardhisasa, ulioanzishwa mwaka wa 2021, hufanyiwa kwa simu au kompyuta. Karatasi utakayopewa inasema mwenye ardhi ni nani, ukubwa wake, na kama ina mkopo wa benki, zuio la mtu au amri ya korti. Usipokee sachi iliyoletwa na broka, hata akiwa ni mtu wa kanisani. Ukitaka kujua ardhi imepitia kwa nani na nani, uliza ile kadi ya kijani ya usajili. Kisha mpima ardhi akuonyeshe bikoni, na uzungumze na majirani wa pande zote. Jirani hujua kesi ambazo karatasi haijui. Vilevile hati ya hisa ya kampuni ya kununua mashamba si hati ya kumiliki ardhi, hata ikiwa na muhuri mkubwa.

Muuzaji akiwa na mke au mume, mwone huyo naye ana kwa ana. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka wa 2013 inakataza mali hiyo kuuzwa bila idhini ya wote wawili, katika ndoa ya mke mmoja. Nasi tunasema, hata pale palipo na wake wawili, heri uwasikie wote kabla ya kuhesabu pesa.

Makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbele ya shahidi, na ni vizuri wakili ayapitie. Mkiona gharama ya wakili ni kubwa, ilinganisheni na bei ya ploti. Pesa zipitie benki ili pawe na alama.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni la Bodi ya Ardhi. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya bodi hiyo, na ombi lifanywe katika muda wa miezi sita tangu makubaliano. Bila idhini, sheria inayahesabu mauzo kuwa batili, ingawa inakuruhusu kudai pesa zako kama deni. Sasa fikirini mtu anayelipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu kutoka kwa ile 575 yake. Akingoja amalize ndipo aende bodi, miezi sita ilipita zamani. Aende mapema, au afanye vile sisi tunavyopendelea: aweke akiba kwa sako mpaka itoshe, achukue mkopo wa kumalizia, anunue mara moja. Sehemu kubwa ya malipo ibaki mpaka idhini itoke.

Tena wekeni kando pesa za ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 2 ya thamani vijijini na asilimia 4 mjini. Ploti ya shilingi 300,000 itatozwa 6,000 kijijini na 12,000 mjini, mbali na wakili na usajili. Hati mpya ikitoka, mume na mke waandikwe wote wawili. Kisha fanya sachi tena, ulione jina lako kwa macho yako.

MASWALI YA KIKUNDI

Kila mtu aandike alichotumia jikoni wiki iliyopita, bila kuficha soda na mandazi. Ni kiasi gani kingeweza kutoka bila mtoto kulala njaa?

Ni nani kati yetu anakaa kwenye ardhi aliyoilipia lakini hati bado ina jina la mtu mwingine? Mtu huyo wa kwenye hati yu hai? Kikundi kinaweza kumsindikiza mwenzetu kwa msajili wiki gani?

Mkutano ujao kila jozi ilete sufuria moja ya chakula kisicho na nyama, na bei ya kila kilichoingia ndani iandikwe kwenye karatasi.