Dondoo muhimu: Usaha kwenye kizazi cha mbwa jike mzee

Jike mzee ambaye hajatolewa kizazi, akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoakojoa na kukataa chakula wiki chache baada ya kipindi chake cha joto (cha kutaka dume), shuku usaha kwenye mfuko wa uzazi. Usisubiri uone uchafu ukimtoka. Mlango wa kizazi ukiwa umefunga, usaha hubaki ndani na tumbo huvimba, na hali hiyo ndiyo ya hatari zaidi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Sindano za antibiotiki peke yake mara nyingi hazitoshi. Tiba ya uhakika ni kutoa kizazi pamoja na ovari. Uliza kuhusu kipimo cha figo na dripu kabla ya upasuaji.

Nyumbani baada ya upasuaji, mpe chakula laini kidogokidogo. Atoke kwa kamba, akojoe, arudi. Kola pana ya plastiki asivuliwe hata akikutazama kwa huruma (na atakutazama), maana akiulamba mshono utafumuka. Nyuzi kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Diklofenaki au ibuprofeni yako usimpe kamwe: huchoma tumbo na kuharibu figo. Fizi zikipauka au akitapika mfululizo, mrudishe kliniki, hata usiku.