Siasa kwenye runinga: maswali manne ya kupimia nchi

Saa mbili usiku nchini Tanzania, hama kutoka TBC kwenda ITV: kote ni taarifa ya habari. Kenya, Citizen husoma habari za Kiswahili saa moja jioni na za Kiingereza saa tatu usiku. Ukihesabu chaneli tu, utadhani nchi hizi hazina upungufu. Lakini chaneli kumi zinaweza kukuonyesha waziri yuleyule akikata utepe uleule. Ukitaka kulinganisha nchi na nchi, uliza haya.

1. Je, unaliona Bunge lenyewe?

Marekani, chaneli ya C-SPAN imeonyesha vikao vya Baraza la Wawakilishi tangu Machi 1979. Uingereza, kamera ziliruhusiwa kurusha mijadala ya Baraza la Makabwela Novemba 1989. Tanzania, Januari 2016, serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ni gharama, na watazamaji wakaahidiwa kipindi cha usiku kilichorekodiwa. Tofauti si ndogo. Kikao kikirushwa chote, wewe ndiye unayeamua lipi lina uzito. Kikikatwakatwa, mhariri amekwisha kukuamulia.

2. Nani analipa?

BBC huendeshwa zaidi kwa ada ya leseni inayolipwa na kaya zenye runinga. C-SPAN hugharimiwa na kampuni za kebo, si na serikali. Vituo vya binafsi hutegemea matangazo ya biashara, na panapokuwa serikali ndiyo mteja mkubwa wa matangazo hayo, mhariri hufikiri mara mbili kabla ya kuikosoa.

3. Sheria inadai nini?

Uingereza, mdhibiti Ofcom hudai habari za runinga zisiegemee upande, na vyama haviruhusiwi kununua matangazo ya siasa. Vikubwa hupewa muda wa bure. Marekani ilikuwa na kanuni iliyowataka watangazaji wape nafasi maoni yanayopingana, iliyoanza 1949 na kufutwa 1987. Leo mgombea mwenye fedha hununua dakika kadiri awezavyo. Kwa hiyo Mmarekani ana siasa tele kwenye kioo, ila sehemu kubwa imelipiwa.

4. Nani anaweza kuzima?

Januari 30, 2018, siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa “rais wa wananchi” katika bustani ya Uhuru, serikali ya Kenya ilizima NTV, KTN na Citizen. Mahakama Kuu iliamuru virudishwe, lakini siku kadhaa zikapita kabla ya amri kutekelezwa. Nchi inaweza kuwa na vituo vingi mwaka mzima, kisha vikakosekana siku vinapohitajika kuliko zote.

Jaribu mwenyewe

Huhitaji kusafiri. Tanzania, Kenya na Uganda kwa kawaida husoma bajeti zao siku moja mwezi Juni. Jioni hiyo, tafuta taarifa ya habari ya kila nchi, kwenye king'amuzi au mtandaoni, kisha chukua daftari na saa. Andika:

- Waziri wa fedha amepewa dakika ngapi, na upinzani ngapi?
- Kuna mtaalamu asiye wa serikali aliyehojiwa?
- Mwananchi ameulizwa swali, au ameonyeshwa tu akitembea sokoni?
- Lugha iliyotumika inaeleweka na bibi yako?
- Kuiona kumekugharimu kiasi gani, kwa kifurushi au kwa bando?

Rudia kwa kituo cha serikali na cha binafsi katika kila nchi. Ukurasa huo mmoja wa daftari utakueleza mengi kuliko orodha ya chaneli kwenye rimoti. Na kama kuna nchi ambayo safu ya upinzani imebaki tupu katika vituo vyote viwili, hapo umejua kinachokosekana.