Sadaka Haina Budi Kuwa na Ulimi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Somo letu la leo lawahusu waongozao jumuiya za kheri katika bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe: wakusanyao sanda na futari, walipao karo za mayatima, watunzao misikiti na vyuo. Twataka kuuliza swali moja tu. Je, kazi ya watu hawa yakomea penye kugawa, au yawapasa pia kwenda kusema na Serikali?

Wengi wetu hujibu kuwa Serikali ni mambo ya wanasiasa, na mwenye dini asiyakaribie. Jawabu hili lapendeza masikioni, lakini dini haikutufundisha hivyo. Mwenyezi Mungu alimtuma Nabii Musa na nduguye Harun kwa Firauni mwenyewe, akawaamrisha waseme naye kwa upole. Nabii Yusuf alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na kwa utunzaji wake watu wakapata chakula miaka ya njaa. Na hapa petu Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu mwaka 1937, hakuifungia kalamu yake katika tohara na mirathi, bali aliandika pia juu ya shule na maisha ya watu.

Twaanza kwa kujilaumu wenyewe. Jumuiya yetu ya Kisauni kwa miaka mingi ilinunua maji ya mikokoteni kwa ajili ya chuo cha watoto, na kila mwezi fedha za sadaka zikaishia katika mitungi. Siku tulipokwenda kulalamika katika afisi moja, karani alituuliza, "Barua zenu za nyuma ziko wapi?" Hatukuwa na hata moja. Miaka yote hiyo tulinung'unika barazani, kahawa mkononi, wala hatukuandika mstari mmoja. Tulikuwa tukiufunga mguu kitambaa, na mwiba umo ndani.

Sasa tutazame waliofanya kinyume chetu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, pembezoni mwa Changamwe, leo katika jimbo la Jomvu, palifunguliwa mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Sumu ikaingia hewani, majini na katika damu za watoto. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani humo, alimwona mwanawe akiugua kwa sumu hiyo. Hakutosheka na kumtibu mtoto wake. Mwaka 2009 alianzisha jumuiya ya kutetea haki na mazingira, akakusanya vipimo vya damu, akaandika barua na kuwaendea wakubwa. Mwaka 2012 alikamatwa kwa kuongoza maandamano, kisha mahakama ikamwachilia. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2016 wanakijiji wakaenda mahakamani, na tarehe 16 Julai 2020 wakahukumiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na idara za Serikali zikionekana kuwa na makosa pamoja na wenye kiwanda. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo, na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Wala isiwe aibu kwetu kujifunza kwa mama huyu asiye na kilemba wala joho.

Katika kisa hiki na katika sheria za nchi twapata mafunzo manne.

La kwanza ni kuijua haki yako. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Kifungu cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Na cha 196 chalipasa Bunge la Kaunti kuwashirikisha wananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yawataka wakubwa wa kaunti kuyajibu maombi hayo upesi.

La pili ni kuujua wakati. Makadirio ya fedha za kaunti hupaswa kufika Bungeni kabla ya Aprili kwisha, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwenye kuvuka kwenda kisiwani mwezi wa Agosti kuomba kisima amefika harusini sahani zimekwisha oshwa.

La tatu ni ushahidi. Usiseme "watu wengi wana shida". Sema ni nyumba ngapi, mtaa upi, tangu lini. Andika, weka nakala, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa.

La nne, nalo ndilo zito, ni usafi wa ulimi. Mwanasiasa akija na mchele wa Ramadhani na bahasha ya msikiti, kisha tukampa mimbari, siku ya kumwambia kweli tutakuwa na mchele kinywani. Sheria ya jumuiya za manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, yaziruhusu jumuiya zilizoandikishwa chini yake kutetea maslahi ya watu na hata kuikosoa Serikali, lakini yazikataza kumpigia mtu debe la uchaguzi. Hapo sheria na heshima ya dini zimekutana.

Ndugu zetu, hatusemi sadaka ipunguzwe. Mwenye njaa leo hawezi kungoja Bunge. Twasema kwamba yatima tumlishaye ana haki katika hazina ya kaunti, naye hana wa kumsemea ila sisi. Tukinyamaza, haki yake yapita mbele ya macho yetu, na Kiyama tutaulizwa juu ya ukimya wetu kama tutakavyoulizwa juu ya mali. Basi kila jumuiya na imchague mtu mmoja mwenye kujua kuandika, na barua ya kwanza ipelekwe mwezi huu.

Wabillahi tawfiq.