Momijigari: Uwindaji wa Majani na Mtihani wa Mfasiri

Katika Kijapani, safari ya kwenda kutazama majani yaliyogeuka rangi huitwa momijigari. Istilahi hii inatokana na maneno mawili: momiji, yaani majani mekundu, na kari, yaani uwindaji. Mwishoni mwa Novemba, wasafiri humiminika katika hekalu la Tofuku-ji mjini Kyoto, wakasimama juu ya daraja la Tsutenkyo kutazama bonde lililowaka wekundu. Mawindo yao hayahitaji mshale. Yako kufani tayari.

Dhana hii imekita mizizi katika fasihi. Katika Momijigari, tamthilia ya Noh ya Kanze Nobumitsu (aliyefariki mwaka 1516), shujaa Koremochi aenda mlima Togakushi kuwinda kulungu. Huko akuta mabibi wakistarehe chini ya majani mekundu. Wamkaribisha, wamlevya, kumbe ni mashetani. Mwindaji nusura awe windo. Uzuri na mauti, basi, vimekaa tawi moja.

Hapa ndipo penye mtihani kwa mfasiri wa Kiswahili. Wapo wanaoyaita majira hayo vuli. Hata hivyo, kwa mkulima wa Kitui vuli ni mvua, mbegu na machipukizi. Akisoma kwamba majani yanakufa wakati wa vuli, atadhani mvua imekosekana. Neno moja limeupindua ujumbe. "Majira ya kupukutika majani" ni maelezo marefu, lakini yanalitaja tendo lenyewe ambalo msanii wa Kijapani analiomboleza. Afadhali urefu unaohifadhi maana kuliko ufupi unaoipoteza.