Storm na Hasira za Wasomaji

SWALI: Kwa nini wasomaji hukasirika wahariri wanapobadili maisha ya shujaa wa katuni kama Storm, mwenye kuamuru mvua? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Storm wa kampuni ya Marvel alianza kuonekana mwaka 1975, akiwa Kenya, ambako watu walimwabudu kama mungu. Mwaka 2006 aliozwa kwa Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda. Mwaka 2012 ndoa ikabatilishwa. Waliofurahia harusi ya mashujaa wawili wenye asili ya Afrika waliudhika ilipovunjwa. Wengine walishaona tangu mwanzo kwamba harusi ililazimishwa.

Chanzo cha hasira ni mazoea: msomaji hukaa na mhusika kwa miaka mingi, ilhali waandishi hupokezana. Hata kuwashirikisha wasomaji hakumalizi ubishi. Mwaka 1988 kampuni ya DC Comics iliwaachia wapige kura kwa simu kuhusu uhai wa Robin wa pili, msaidizi wa Batman, Jason Todd: 5,343 walitaka afe, 5,271 aishi. Aliuawa, lawama zikaendelea, na mwaka 2005 akafufuliwa.

Kisheria mhusika ni mali ya kampuni. Silaha ya msomaji ni kununua au kuacha.